Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Wilaya: Msitu Wenye Mizinga Si Ardhi Tupu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Waheshimiwa Madiwani,
na maofisa wote mnaosimamia ardhi, misitu, nyuki na kilimo katika wilaya yetu, Mkoa wa Tabora.

YAH: MASHAMBA MAKUBWA YA TUMBAKU KUFUNGULIWA NDANI YA MISITU YA NYUKI NA MASHAMBA YA CHAKULA

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa niaba ya wafugaji nyuki na wakulima wadogo wa kijiji chetu, baada ya njia za kawaida kushindwa kutupatia jibu. Tulianza kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukaenda kwa mtendaji wa kijiji, tukapeleka barua ya pamoja iliyogongwa muhuri katika ofisi ya kata, na hatimaye tukaonana na maofisa wa Halmashauri. Kila mahali tulisikilizwa kwa upole na kuelekezwa kwingine: ofisa nyuki alisema suala hili ni la ardhi, ofisa ardhi akasema ni la kilimo, na ofisa kilimo akasema tumbaku ina wenyewe. Tumepigwa danadana vya kutosha, na sasa tunasema hadharani yale tuliyokwisha kuyasema ofisini, bila nia ya kumvunjia mtu heshima.

Naomba kwanza niondoe dhana moja ambayo imekuwa ikitumiwa kutunyamazisha. Sisi si maadui wa tumbaku. Katika nyumba nyingi za kijiji chetu mtu yule yule ana ekari yake ya tumbaku, shamba la mahindi na karanga, na mizinga msituni. Fedha za tumbaku zimesomesha watoto wengi, wakiwamo baadhi yenu mnaosoma barua hii. Tunachokilalamikia ni aina mpya ya kilimo iliyotuingilia katika misimu ya karibuni: vitalu vikubwa vya mamia ya ekari vinavyofunguliwa kwa mitambo katikati ya msitu, vikisimamiwa na watu wasiokaa kijijini, kwa makubaliano ambayo wengi wetu tuliyasikia siku trekta lilipofika. Takwimu za Serikali zinaonyesha kuwa uzalishaji wa tumbaku nchini ulipanda kutoka takribani tani 60,000 msimu wa 2021/2022 hadi zaidi ya tani 120,000 msimu uliofuata. Ongezeko la namna hiyo linahitaji ardhi na linahitaji kuni, na vyote viwili vimetoka mahali fulani. Kwetu vimetoka msituni.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Msitu uligawiwa kana kwamba hauna mtu.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na mengine yanazaliwa hapa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaigawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ile inayotumiwa na wanakijiji kwa pamoja, ile inayokaliwa au kutumiwa na mtu binafsi au familia, na ile ambayo bado ipo kwa ajili ya kugawiwa. Msitu wetu umehesabiwa katika fungu la tatu. Tulipouliza ni kwa nini, tuliambiwa kwamba wataalamu walipita wakakuta pori lisilotumika.

Walipita lini, na walikuwa wanatafuta nini? Mfugaji nyuki hashindi msituni kama mwenye shamba la mahindi. Hutundika mizinga yake mitupu juu ya miti, akaiacha isubiri makundi yanayohama. Hurudi kukagua, na hurudi tena kurina, yaani kuvuna asali. Mti wa mtundu huchanua kabla ya mvua, kati ya Septemba na Novemba, mti wa muba huchanua mvua zikiwa zinaendelea, na mavuno makubwa ya asali huja baada ya hapo, kuanzia Mei hadi Julai. Anayepita kwa gari mwezi Agosti, akiangalia chini kutafuta matuta, hataona kitu. Angeinua macho angeona mizinga ya magogo imelala kwenye panda za miti, na kwenye kila mzinga alama ya mwenyewe iliyochongwa kwa shoka. Kila familia inajua mizinga yake inaanzia wapi na kuishia wapi, na ugomvi wa mipaka hiyo umekuwa ukimalizwa na wazee kwa miaka mingi bila kuwasumbua polisi wala mahakama. Hayo ni matumizi ya ardhi ya pamoja kwa maana kamili ya sheria, isipokuwa hakuna aliyeyaandika katika daftari la ardhi ya kijiji.

Sheria hiyo hiyo inautaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ushirikishwe katika kugawa ardhi. Tunaambiwa mkutano ulifanyika na muhtasari upo kwenye jalada. Tumeomba kuuona. Hadi leo hatujauona, na kati ya wenye mizinga katika eneo lile sijakutana na hata mmoja anayekumbuka kunyoosha mkono.

2. Mitambo inang'oa visiki.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo kwa mtu asiyeujua msitu wa miombo, lakini ndilo linalotofautisha kilimo chetu cha asili na hiki kilicholetwa. Mkulima wa jembe na shoka hukata mti akaacha kisiki. Analima misimu michache, mahindi yakichanganywa na maboga na kunde, kisha analipumzisha shamba, na miombo huchipua upya kutoka kwenye visiki na mizizi ile ile. Ndivyo maeneo ambayo babu zetu waliyalima yalivyorudi kuwa msitu tunaotundikia mizinga. Buldoza halibakizi kisiki. Linachimba mizizi, linasukuma kila kitu pembeni na kuchoma moto. Shamba la namna hiyo likiachwa, kinachorudi ni nyasi na vichaka.

Na litaachwa. Tumbaku inashambuliwa na minyoo fundo na inakamua rutuba, na ndiyo maana hata mkulima mdogo hashauriwi kuirudisha mahali pale pale kila mwaka. Mwenye ekari moja atazungusha na mahindi. Mwenye kitalu cha mamia ya ekari, ambaye mkataba wake ni wa kilo za tumbaku tu, atakuja tena kwenu kuomba msitu mwingine.

Mkoa huu umewahi kuona jambo la aina hii. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wao mkubwa wa karanga huko Kongwa, Nachingwea na hapa hapa Urambo, wakaleta mitambo ya kusafisha pori, na mwaka 1951 wakaufuta baada ya kupoteza paundi milioni 36 hivi. Mipango ilichorwa mbali, na watu waliojua udongo na mvua za hapa hawakuulizwa. Urambo, karanga zilipokufa, tumbaku ndiyo iliyofuata. Silisemi hili kwa kejeli. Nalisema kwa sababu kumbukumbu zipo na viongozi wetu wana uwezo wa kuzisoma.

3. Kuni za mabani zinatoka kwenye miti ya nyuki.

Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa moto usiozimika usiku na mchana kwa takribani wiki moja kwa kila mzigo unaoingia banini, yaani kwenye nyumba ya kukaushia, na kazi hiyo hurudiwa tangu majani ya chini yanapoiva hadi yale ya juu. Miti inayopendwa kwa kuni ni ile inayoshika moto muda mrefu, na miongoni mwayo ni mitundu na miuba, yaani miti ile ile inayowapa nyuki chavua na mbochi, ule utamu wa maua wanaoutengenezea asali. Msimu uliopita baadhi ya mizinga yetu ilikutwa kando ya mabani ikiwa imepasuliwa kuwa kuni. Kwenye kipande kimoja alama ya mwenye mzinga ilikuwa bado inasomeka, na ndani yake nta ilikuwa imeganda kwenye mti. Mfanyakazi aliyeupasua hakuwa na kosa kubwa. Alitumwa kuleta kuni na hakuna aliyemwambia kwamba lile gogo lina mtu.

4. Viuatilifu vinaua nyuki, na taarifa hatupewi.

Tumbaku haina faida kwa nyuki. Mmea unapotaka kuchanua, mkulima huukata kilele ili nguvu irudi kwenye majani, kwa hiyo mamia ya ekari yaliyokuwa na maua ya miti huwa mahali pasipo na ua la kumtosha nyuki. Hata hivyo nyuki wanafika huko kutafuta maji. Vitalu vya miche huandaliwa wakati wa kiangazi, mabondeni, na humwagiliwa kila siku katika kipindi ambacho vijito vimekauka na nyuki wanahitaji maji ya kupoza mizinga. Miche hiyo hutiwa viuatilifu vinavyoingia ndani ya mmea wote, na mabomba ya kupulizia huoshwa katika madimbwi yale yale machache yaliyobaki.

Matokeo tunayaona asubuhi chini ya mizinga. Nyuki wanazunguka ardhini bila kuruka, miguu inatetemeka, wengine wamekufa ulimi ukiwa nje, na siafu wanawakusanya kabla jua halijapanda. Baada ya siku chache mzinga unakaa kimya, masega yamo, asali imo, nyuki hawamo. Asali ya namna hiyo hatuwezi kuiuza kwa dhamiri safi, na hata tungetaka, wanunuzi wa nje hupima mabaki ya viuatilifu.

Miongoni mwa dawa za wadudu zinazotumika kwenye tumbaku ni imidakloprid, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kutumika katika mashamba ya wazi mwaka 2018 kwa sababu ya madhara yake kwa nyuki. Hatuwaombi mwige kila kinachofanywa Ulaya. Tunaomba angalau mwenye mizinga aambiwe siku ya kupulizia, na kazi hiyo ifanyike jioni nyuki wakiwa wamerudi, badala ya saa tatu asubuhi wakiwa wote nje.

5. Chakula kinapungua.

Mashamba ya mahindi, mihogo na karanga ya familia kadhaa yamejikuta ndani ya mipaka ya vitalu, na wenyewe wameelekezwa kutafuta maeneo mengine ambayo ni mbali na hayana maji. Alizeti na maboga huhitaji nyuki ili yazae vizuri. Uyoga na matunda ya pori kama matonga na mbula ambavyo akina mama hukusanya msituni haviingizwi katika hesabu yoyote ya Halmashauri kwa kuwa havilipiwi ushuru, lakini vimo katika hesabu ya kila jiko.

Waheshimiwa, tunayajua majibu tutakayopewa, kwa maana tumekwisha kupewa baadhi yake mdomoni.

Tutaambiwa tumbaku inaleta fedha za kigeni na ushuru wa Halmashauri. Ni kweli. Lakini Serikali yenyewe imekuwa ikirudia katika nyaraka zake kwamba nchi ina uwezo wa kuzalisha tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka, wakati tunachozalisha ni kama tani 30,000 na ushei za asali. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kuukata msitu ambao ndio unaoitoa asali. Isitoshe, mkulima wa tumbaku huanza msimu akiwa na deni la mbolea na dawa linalokatwa siku ya mauzo, na soko likiyumba deni linabaki pale pale. Mfugaji nyuki hajakopeshwa mbolea na mtu. Katika hesabu za faida tunazosomewa kwenye vikao, sijawahi kusikia mti ukitajwa kwa thamani yoyote kabla haujakatwa.

Tutaambiwa kwamba miti inapandwa. Inapandwa, na mingi ni mikaratusi. Siidharau mikaratusi, kwani nyuki huyapenda maua yake, lakini miche huhesabiwa siku ya kupanda, mbele ya wapiga picha, na hatujaona orodha ya iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza. Mtundu unaofaa kubeba mzinga unachukua miongo ya miaka.

Tutaambiwa tuhamishe mizinga. Anayetoa ushauri huu hajawahi kushusha mzinga wa gogo wenye nyuki kutoka juu ya mti. Nyuki wetu ni wakali na ni wepesi wa kuhama. Ukiwasumbua wanaondoka, unabaki na gogo. Na tuhamie wapi? Upande wa pili wa mto kuna mizinga ya kijiji jirani, na zaidi ya hapo ni hifadhi, ambako ukiingia bila kibali unakamatwa.

Tutaambiwa pia kwamba wafugaji nyuki wa asili nao huharibu msitu. Hapa kuna ukweli, na sitaukwepa. Mzinga wa magome huua mti unaochunwa, na warina asali wazembe wamewahi kusababisha moto. Tulikubaliana kijijini kuacha mizinga ya magome, na wengi wameacha. Mkoa wetu una bahati ya kuwa na Chuo cha Nyuki hapo Tabora mjini. Tupelekeeni wakufunzi, tutajifunza. Lakini makosa ya mtu mwenye shoka na kijinga cha moto hayawezi kuwa kibali cha kuingiza buldoza.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba yajibiwe moja moja.

Kwanza, usafishaji wa msitu usimame katika maeneo yote yenye mizinga mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji utakapoitishwa upya, kwa tangazo linaloonekana, wenye mizinga wakiwapo, na muhtasari wa mkutano wa awali ukisomwa hadharani. Ikiwa muhtasari huo ni halali, hakuna hasara kuusoma.

Pili, mizinga yote ihesabiwe na kuwekwa kwenye ramani pamoja na wenyewe, na eneo hilo liandikwe katika daftari la ardhi ya pamoja ya kijiji. Sheria ya Ufugaji Nyuki, Na. 15 ya mwaka 2002, inaruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake ya nyuki. Tuko tayari kuchangia nguvu kazi: vijana wetu wanaujua msitu huo mti kwa mti, na simu zenye uwezo wa kuchukua alama za mahali wanazo. Tunachohitaji ni ofisa ardhi na ofisa nyuki waje siku moja, wakiwa pamoja, ili asiwepo wa kumrushia mwenzake mpira.

Tatu, tathmini ya athari kwa mazingira ya mashamba haya iwekwe wazi kwa Kiswahili. Kama haikufanyika, tuambiwe hivyo, na ifanyike sasa kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004.

Nne, mkataba wowote wa tumbaku katika wilaya hii uwe na sharti la mabani yanayotumia kuni kidogo, na kuni hizo zitoke kwenye miti iliyopandwa na mwenye mkataba mwenyewe. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na ibara yake ya 18 inahusu ulinzi wa mazingira katika kilimo hiki, kwa hiyo hatuombi jambo geni.

Tano, kuwe na ratiba ya kupulizia dawa inayobandikwa ofisi ya kijiji, umbali unaoheshimiwa kati ya kitalu na manzuki, yaani mahali pa kufugia nyuki, na katazo la kuosha mabomba katika vyanzo vya maji. Waliopoteza mizinga iliyopasuliwa kuwa kuni walipwe. Orodha yao tunayo, pamoja na alama za mizinga yao, na tutaikabidhi kwa ofisa yeyote atakayetia saini kuipokea.

Waheshimiwa, msimu wa kurina umekwisha na mitundu itaanza kuchanua muda si mrefu. Mitambo nayo imeegeshwa kando ya barabara, na tumesikia kwamba kazi ya kitalu kipya itaanza kabla ya mvua. Tunaomba jibu kwa maandishi kabla ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, na tunaomba suala hili liwe ajenda ya kikao hicho. Wawakilishi wetu watafika kusikiliza, kama sheria inavyowaruhusu wananchi, na watakuwa na nakala ya barua hii pamoja na ile ya kwanza yenye muhuri wa kata.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mfugaji nyuki na mkulima,
kwa niaba ya wafugaji nyuki na wakulima wadogo wa kijiji.